Supu ya Mjini na Sima ya Nyumbani



Katika semina moja ya wanandoa huku kwetu pwani, baada ya mafundisho juu ya uaminifu, tuliacha nafasi ya maswali. Baba mmoja wa makamo alisimama kule nyuma kabisa akauliza: "Mwalimu, mtu akitoka kazini jioni, akapita hotelini akala supu yake ya mbuzi kwa shilingi zake, halafu akaenda nyumbani kwake salama, hajalewa wala hajamwangalia mke wa mtu, je, hiyo ni dhambi?"

Watu walicheka sana. Akina baba wakampigia makofi. Akina mama nao walicheka, lakini nilipowatazama vizuri niliona baadhi yao wamenyamaza upesi kuliko wengine. Mimi sikucheka. Swali lile nalijua. Nimelibeba mwenyewe tumboni, pamoja na supu yenyewe, kwa muda wa karibu miaka miwili.

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika. Leo nataka nimjibu kwa urefu, nawe msomaji unisikilize, uwe mume au mke. Ukiona nimekosea, wewe na mwenzako mnirekebishe mkiwa nyumbani kwenu.

SUPU SI ADUI

Kwanza tusiionee supu. Anayeijua Malindi au Kilifi anazijua hoteli zetu ndogo za karibu na stendi na sokoni. Meza ndefu ya mbao, benchi pande mbili, ndoo ya maji yenye bomba la kunawia mikono, na sufuria kubwa iliyokaa juu ya makaa tangu alfajiri. Ndani yake mna kichwa na miguu ya mbuzi, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Unapewa bakuli linalotoa moshi, kipande cha ndimu, pilipili ya kusaga na chapati mbili. Jioni, pale barabarani, kuna yule wa pweza. Anamkatakata kwa kisu chembamba, anakumiminia supu yake kikombeni, na anakutania kwamba leo nyumbani watakutambua. Bei yake hata kibarua anaiweza.

Pale benchini hakuna mkubwa wala mdogo. Dereva wa tuktuk ameketi na karani wa mahakama, mvuvi na mwalimu wa shule. Mtu anamsogezea mwenziwe chumvi bila kumjua jina. Habari za mjini unazipata pale kabla ya redio kuzisema. Mimi naamini Mungu hakasiriki akiona watu wake wamekaa hivyo. Bwana wetu mwenyewe alipenda kula na watu, hata wakamsema vibaya kwa ajili hiyo.

Tena mwili una haki yake. Mtu aliyepanga mawe ya ujenzi tangu asubuhi juani hawezi kungoja mpaka saa mbili za usiku ndipo atie kitu kinywani. Huyo akila mchana hamwibii mtu. Anatia mafuta kwenye taa inayomulika nyumba nzima. Kwa hiyo mke anayemhesabia mumewe kila tonge alilokula kazini, huyo naye anakosea.

Basi swali halihusu supu peke yake. Linahusu supu na nini? Hapo ndipo ilinibidi nijichunguze.

NILIVYOKUWA MIMI

Mwaka 2017, kama wengi wenu mnavyokumbuka, unga wa mahindi ulipanda bei kwa sababu ya ukame, hata serikali ikaingilia kati na kuleta pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90. Pakiti hizo hazikutosha. Mke wangu alikuwa akitoka nyumbani kwetu Gede asubuhi, akipiga foleni dukani, na mara nyingine akirudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa karani katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Malindi. Nikitoka kazini jioni, kabla ya kupanda matatu, nilipita hotelini. Supu na chapati mbili, shilingi 100.

Fanya hesabu pamoja nami. Siku 26 za kazi kwa mwezi ni shilingi 2,600. Kwa bei ile ya serikali, hizo ni pakiti 28 za unga, na chenji ya shilingi 80 inabaki. Hesabu hii ni rahisi, mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, tena kazi yangu ilikuwa hesabu za stoo, sikuifanya hata siku moja. Kuna hesabu ambazo mtu hazifanyi kwa sababu tayari anajua jibu.

Nikifika nyumbani nilikuta chakula changu chini ya kawa. Sima, mchicha, na kama kulikuwa na samaki, kipande cha katikati, kile chenye nyama. Mke wangu alikuwa akiniwekea hicho, yeye na watoto wakagawana kichwa na mkia. Nami nilikuwa nikisema: "Mimi nimeshiba, wape watoto." Watoto walifurahi. Na mimi, ndugu msomaji, nilikuwa nikijiona baba mwema! Nilijiona kama mtu anayejinyima kwa ajili ya wanawe. Nililala usingizi mzito.

Naomba ukae kidogo na jambo hilo. Dhambi kubwa mtu huiona, nayo humtia hofu. Hii ndogo ilinivalia nguo ya wema. Nilikuwa nimekula sehemu yangu mjini, kisha nikawagawia watoto sehemu ambayo sikuihitaji, nikaiita sadaka.

SHILINGI NI YA NANI?

Yule baba wa semina alisema "shilingi zake". Hebu tuyatazame maneno hayo. Mtu asiye na ndoa anaweza kusema hivyo. Lakini sisi tuliosimama mbele ya altare tulisema neno lingine. Hatukusema, nitakupa kinachobaki. Tulijitoa wenyewe. Aliyejitoa mwenyewe hawezi tena kukizuia kiganja chake kikiwa na shilingi mia ndani yake.

Hata hivyo, tusivuke mpaka upande wa pili. Je, ina maana kila shilingi ijadiliwe? Mume aombe ruhusa ya kununua peremende, mke atoe hesabu ya kibiriti? La hasha! Hiyo haitakuwa ndoa tena, itakuwa kizuizi cha polisi, na kila jioni mmoja atasimamishwa na kupekuliwa. Kuwa mwili mmoja hakumfanyi mtu asiwe mtu. Kila mmoja anahitaji nafasi yake ndogo: kumnunulia rafiki chai, kuingia mahali na kukaa kimya nusu saa kabla ya kukutana na kelele za nyumbani. Mapenzi yasiyoacha nafasi ya kupumua huwa kama sufuria iliyofunikwa kwa nguvu. Siku moja kifuniko kitaruka.

Kwa hiyo sisemi kwamba mali ya wanandoa ni moja kiasi kwamba mtu hawezi kula peke yake. Nasema kuna mambo mawili yanayofanya bakuli libadilike. La kwanza ni kiasi: ninachokula mimi kikoje mbele ya wanachokosa wao? La pili ni siri: je, ningekula hivihivi kama mwenzangu angekuwa amekaa mbele yangu?

Mtume Paulo aliwahi kuwakemea Wakristo wa Korintho kwa jambo la namna hii. Walipokusanyika kwa chakula, waliokuwa nacho walitangulia kula wakashiba, wengine wakabaki na njaa. Paulo hakuwaambia kwamba chakula ni kibaya. Aliwaambia kwamba wanawaaibisha wasio na kitu. Mume anayefika nyumbani ameshashiba, akawakuta wanagawana mkia wa samaki, ni Mkorintho mdogo, hata kama hakunywa tone la mnazi.

Naye Esau, tunayemsoma katika kitabu cha Mwanzo, hakukosea kwa kuwa na njaa. Alitoka porini amechoka, na mchuzi wa dengu ulinukia vizuri. Kosa lake lilikuwa kwenye mizani: upande mmoja bakuli, upande wa pili haki yake ya mzaliwa wa kwanza, akaona bakuli ni zito zaidi. Kila siku sisi nasi tunapima hivyo, ila hatusimami kutazama upande wa pili wa mizani una nini.

WALI NA SUPU YA WATU WA VIETNAM

Sasa nitawapeleka mbali kidogo kisha niwarudishe. Tusione mashariki ya mbali ni mbali mno. Hapa kwetu Gede, katika mji ule wa kale ambao sasa ni magofu, wachimbuzi walipata vyombo vya kaure kutoka Uchina, watu wa pwani walivyovitumia karne nyingi zilizopita. Mabakuli yamesafiri bahari hii tangu zamani.

Huko Vietnam kuna supu ya tambi za mchele iitwayo phở. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini na viungo vingine, kisha mchuzi humiminwa juu ya tambi na vipande vyembamba vya nyama. Mlaji anajiongezea majani mabichi, ndimu na pilipili. Ilianzia kaskazini ya nchi ile mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni chakula cha mtu yeyote: watu huila asubuhi barabarani, wameketi kwenye vigoda, kama sisi na mbaazi na mahamri. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini, wengi wao wakiwa Wakatoliki, na supu yao ikaenea huko pamoja nao. Baada ya vita kwisha mwaka 1975, wakimbizi waliibeba mpaka Marekani, Ufaransa na Australia. Leo katika miji mingi mikubwa ya dunia utakuta hoteli ndogo ya phở, ya bei nafuu, ambamo mtu aliyepoteza nchi yake anaionja tena kwa kijiko.

Lakini watu wa Vietnam wana utani mmoja, na ndio ulionifanya niwalete hapa. Wao chakula chao cha kila siku ni wali. Katika utani wao, wali ni mke wa nyumbani, na phở ni mwanamke wa nje. Mume akianza kutangatanga, husemwa kwamba amechoka na wali, anatamani phở. Sisi huku tunasema nyumba ndogo, au mpango wa kando. Wao wanasema supu.

Utani ule unachekesha, lakini una swali ndani yake. Kwa nini cha nje huonekana kitamu zaidi? Nimeliwaza sana jambo hili, na jibu langu ni hili. Hotelini unalipa, unanawa, unaondoka. Hudaiwi na mtu. Hukuona kuni zilivyopatikana, hukuosha sufuria, na aliyekuandalia hakukuuliza habari za karo. Lakini sima ya nyumbani inakuja na mambo yake. Mbele yake pamekaa mtoto anayedai daftari, mke anayekukumbusha paa linalovuja, na barua ya shule. Basi mtu hulinganisha chakula kisicho na deni na chakula kilichojaa deni, halafu anasema tofauti iko kwenye viungo! Viungo havina kosa. Kilichomkolea ni ule utamu wa kutodaiwa.

Na utamu huo ni wa uongo. Mtu asiyedaiwa na yeyote ni mtu ambaye hakuna anayemngoja. Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo chakula changu kilikuwa kinafunikwa kwa kawa nisipokuwapo. Mwenye hoteli alikuwa mtu mwema, alinijua kwa jina, lakini nisipofika aliuza supu yangu kwa mwingine, na ndivyo biashara ilivyo. Wazee wetu walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wale wa benchini walikula nami, lakini siku ya kufa kwangu watapata habari wakiwa wanakula. Mke wangu hakuzaliwa nami. Yeye aliapa kuwa nami mpaka kifo. Ndoa imemfanya yule asiyezaliwa nami awe zaidi ya mzaliwa nami. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa nikimficha bakuli.

"KUMBE NI SUPU?"

Sasa nirudi Malindi. Siku moja mwaka 2018 mtoto wetu mdogo alishikwa na homa, mke wangu akamleta hospitali mjini. Walipomaliza ilikuwa jioni, akaona afadhali anifuate kazini turudi pamoja. Nilikuwa nimeshatoka. Mwenzangu wa kazi, bila kujua lolote, akamwelekeza: "Utampata kwenye supu, ndiko anakokuwa kila siku."

Nilikuwa nimeinamia bakuli, mfupa mkononi, niliposikia mtu amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka nilimwona yeye na mtoto mgongoni. Benchi zima likanyamaza. Nilingoja maneno. Yeye akatazama bakuli, akanitazama mimi, akatazama tena bakuli, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe ni supu?"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye benchi. Nami nikacheka, kwa aibu, na wengine wakacheka. Lakini nilipomtazama usoni niliona machozi, na yale machozi hayakuwa ya kicheko. Nikamwagizia bakuli lake. Akasema, "Mpe mtoto." Mtoto akanywa mchuzi, yeye akala chapati nusu. Katika matatu hatukuongea.

Usiku, watoto walipolala, alitoa mkebe wa majani ya chai kutoka chini ya nguo zake. Ndani mlikuwa na shilingi 1,800. Akaniambia: "Baba, mimi nilidhani una nyumba nyingine. Huli. Unarudi unanukia sabuni ambayo si yetu. Mshahara haufiki. Hizi nilikuwa naweka nauli ya kunirudisha kwetu Ganze na watoto. Nilikuwa nangoja tu shule zifungwe."

Sabuni ile ilikuwa ya hotelini, ya kunawia mikono ili mafuta ya mbuzi yatoke.

Ndugu msomaji, nilikaa kitandani nisijue la kusema. Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umebaki shule zifungwe. Nilikuwa nimefundisha Sakramenti ya Ndoa katika kigango chetu mwaka ule ule, na chini ya paa langu mwenyewe nauli ya kuivunja ndoa ilikuwa ikikusanywa shilingi kwa shilingi. Si kwa sababu ya mwanamke. Kwa sababu ya bakuli.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulisoma kitabuni. Siri haikai tupu. Ukimwachia mwenzako shimo asilolielewa, atalijaza, na atalijaza kwa kile anachokiogopa zaidi kuliko vyote. Mimi nilimficha kitu cha shilingi 100, yeye akabeba kitu kisicho na bei, kwa karibu miaka miwili, akipika, akifua, akiniwekea kipande cha katikati cha samaki.

Kuna atakayesema, "Basi kosa ni lake kwa kushuku." Hapana. Alisoma alichoandikiwa. Mwandishi nilikuwa mimi.

NA AKINA MAMA JE?

Akina mama, msinipigie vigelegele mapema. Nanyi mna mabakuli yenu. Yuko mama ambaye mboga ya nyumbani ni chumvi na maji, lakini yeye mchana amekula viazi vya karai na bhajia kwa jirani. Yuko mwenye chama ambacho mumewe hajui jina lake, wala siku yake, wala zamu yake. Na siku hizi simu inaficha kuliko mkebe wa majani ya chai.

Hata hivyo si kila kuficha ni kumoja. Kuna mama ambaye mumewe akiona shilingi inakwenda mangwe, inarudi imekuwa harufu ya mnazi. Mama huyo akiificha pesa ya unga ili watoto wale, siwezi kumwita mwizi. Anaficha ili walindwe. Mimi nilificha ili nifurahi peke yangu. Ukitaka kujua siri yako ni ya aina gani, jiulize: ikifichuka, nani atakuwa ameshiba kwa ajili yake? Lakini hata mama huyo asiizoee siri. Amtafute padre, au wazee wa jumuiya, au wazazi wa pande zote mbili, ili ugonjwa wenyewe utibiwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena kuna mama ambaye haketi. Anawapakulia wote, kisha anakula ukoko akiwa amesimama jikoni. Watu humsifu kwamba ni mvumilivu. Mimi nasema mumewe ana kosa la kutazama na kunyamaza. Mwambie, "Mama, keti. Hatuanzi mpaka ukae." Utaona atakavyokataa mara ya kwanza, na utaona uso wake atakapokubali.

TUFANYE NINI BASI?

Sitawapa amri kumi. Nitawaambia tu tuliyofanya sisi.

Tulikaa na kalamu na karatasi. Tukaandika mshahara, unga, karo, nauli, sadaka. Kisha tukaweka kiasi kidogo cha kila mmoja, sawa kwa sawa, cha kutumia atakavyo bila kuulizwa. Changu kinatosha supu mara moja kwa juma. Supu hiyo ni tamu kuliko zote nilizokula zamani, kwa sababu naila bila kutazama mlangoni.

Mara moja kwa mwezi tunakwenda wote wawili. Mwanzoni mke wangu aliona haya. Alisema hoteli ni ya wanaume, watu watasema nini. Hoteli nyingi za huku zina sehemu ya ndani au pazia kwa ajili ya akina mama na familia, tukakaa huko. Alikula polepole, akaonja, akasema, "Hii tangawizi wameiweka mwishoni." Nilikuwa nimeila miaka miwili bila kujua hilo! Jumapili iliyofuata alipika nyumbani kwa kichwa cha mbuzi alichonunua sokoni, tukala sote saba. Watoto waligombania ulimi.

Pesa zikipungua, tunaagiza bakuli moja na vijiko viwili. Hapo huwa tunaongea maneno ambayo nyumbani hayapati nafasi. Siyo kwamba supu ina dawa. Ni kwamba kwa nusu saa hakuna anayepika wala anayeosha, na deni letu la nyumbani tumeliacha mlangoni wote wawili pamoja, si mmoja kulikimbia na mwingine kubaki nalo.

Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wanandoa maneno matatu madogo: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba msamaha. Mimi nilikuwa nimeyafundisha hayo darasani. Usiku ule wa mkebe ndipo nilipoyatumia yote matatu kwa mara moja, kwa mpangilio wa kinyume.

JIBU LANGU KWA YULE BABA

Basi, baba yangu uliyeuliza kule nyuma, jibu langu ni hili. Supu uliyokula si dhambi. Lakini kabla ya kuinua kijiko, jiulize mambo matatu. Je, nyumbani leo wanakula nini? Je, mwenzangu anajua niko hapa? Na je, akitokea sasa hivi nyuma yangu, nitamsogezea nafasi benchini au nitafuta mdomo?

Ukiweza kumsogezea nafasi, kula, na Mungu akubariki. Ukiona mkono unakwenda kufuta mdomo, weka kijiko chini kwanza.

Ule mkebe tunao mpaka leo. Hauna nauli tena. Mke wangu anawekea majani ya chai, kama ulivyokusudiwa.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Ni kitu gani kidogo ninachokifurahia peke yangu, ambacho sijawahi kumwambia mwenzangu? Kwa nini sijamwambia?

2. Je, kila mmoja wetu ana kiasi chake kidogo cha kutumia bila kuulizwa? Kama hana, tunaweza kukipata wapi?

3. Nani katika nyumba yetu hula mwisho, na nani hula akiwa amesimama?

4. Mara ya mwisho tulikula nje tukiwa wawili tu ilikuwa lini? Tukipata shilingi mia mbili juma hili, twende wapi?

Mungu awabariki, azibariki na meza zenu.